Kapu la Senkondo

Zama za mababu, ukoo wetu ulipokuwa haujapata hata jina, alizaliwa milimani humu Senkondo, Jicho la Kipanga, mwana wa Nakijwa, mjukuu wa mchimba mfereji wa kwanza. Siku hizo vijana walicheza mpira wa magome ya migomba, na mwenye nguvu aliukumbatia akawakanyaga wenzake mpaka ng'ambo ya uwanja. Ndivyo Kihedu, Mvunja Mbavu, alivyomwua Mbaga, mdogo wake Senkondo, mbele ya watu wote.

Wazee walipoketi kumhukumu, Kihedu alicheka. "Mchezoni hakuna kesi. Mama, mwanao alikuwa mwepesi mno. Ungemlisha."

Nakijwa akatandika mkeka wa matanga uani, akaapa hatanyanyuka mpaka Kihedu apige magoti. Matanga ya wengine huanuliwa. Yake yalikutwa na masika. Senkondo alimwona mamaye akinyeshewa pale, na moyo wake ukawa jiwe. Mkuki ulikatazwa, maana wote walikunywa maji ya mfereji mmoja. Basi akawaza: mchezo huohuo usio na kesi ndio utakaomhukumu.

Akatundika kapu la viazi kwenye mti wa uani, mbele ya mkeka wa mamaye, juu kuliko mkono wa mtu yeyote, akatangaza sheria: mwenye mpira hatembei nao wala hasukumi mtu, bali huurusha. Ukiingia kapuni, aliyefungwa atapanda ngazi autoe, kisha ampe mfungaji kwa mikono miwili, magoti yakiwa chini.

"Kapu la viazi, bwana mdogo?" akasema Kihedu. "Nitalijaza mpaka lianguke."

Lakini nguvu zake hazikupata pa kushika. Akirusha yeye, mpira ulipiga matawi. Akirusha Senkondo, ulitua kama ndege kiotani. Kihedu akapanda, akashuka, akapiga magoti. Akapanda tena. Wanawake wakamwita Mchuma Matunda, na jua likazidi kusogea, hata jitu lile likatetemeka ngazini.

"Mama, inatosha," akasema. "Nimeshapiga magoti."

Nakijwa hakuinua kichwa. "Mbaga naye alisema inatosha. Panda."

Senkondo akarusha. Kihedu akapanda, ngazi ikakatika, na mbavu zake zikavunjikia maweni. Hakuamka.

Nakijwa akakunja mkeka wake. Alipokuwa akiukunja, mke wa Kihedu alikuwa akitandika wa kwake, naye alimtazama Senkondo usoni.

Senkondo aliyajua macho yale. Ndiyo aliyokuwa nayo mwenyewe tangu masika. Akaukwea mti, akakata kitako cha kapu kwa kisu. "Mtu asipandishwe tena," akatamka. "Anayenidai damu anifuate mimi, asiiguse nyumba ya mama yangu." Akashuka kuelekea nyikani, wala hakuonekana tena. Mjane yule alizeeka akiitazama njia hiyo.

Sisi ni uzao wa nyumba hizo mbili, ya Nakijwa na ya Kihedu. Kapu letu halina kitako. Mpira hupita ukaanguka chini, na aliyefungwa huuokota akiwa wima, wala hakuna mwenye ruhusa ya kumcheka.