Kiti cha Kushoto

Mtu mmoja aliachiwa na mjomba wake pikapu ya zamani sana, ya miaka ile ambayo taa za gari zilitokeza nje kama macho ya chura. Mtu huyo jina lake Gwakisa, karani wa ghala la kahawa katika mji mmoja wa milimani. Alikuwa mtu wa kalamu, mwenye viganja laini, asiyejua spana ya kumi na tatu wala ya kumi na saba. Mwingine angeiuza kwa kilo, ikawa chuma chakavu. Yeye aliivuta kwa kamba hadi gereji ya Fundi Lwitiko, akasema anataka kujifunza.

Sasa wewe usiyeyajua mambo haya nisikilize mimi, maana niliyaona kwa macho haya mawili, na wilaya nzima hakuna anayeyaeleza kunishinda. Pale kwa Lwitiko kazi yao ilikuwa kuvua magari. Walichukua gari kuukuu wakalivua madigadi, boneti, bampa, na kila kilicho kizito kisichosaidia kwenda. Waliishusha ekseli ya mbele hadi gari likainama kama fahali anayetaka kupiga pembe. Kisha wakaling'oa injini yake na kulitia nyingine, kubwa mara mbili. Yakiwashwa magari yale, kuku wa kata tatu waliacha kutaga. Na kila Jumatatu ya Pasaka waliyashusha kwa kasi kwenye barabara ya zamani, ile iliyoachwa tangu ilipojengwa ya lami: kona saba, upande mmoja mlima, upande mwingine korongo.

Gereji ile ilikuwa na desturi moja iliyomshangaza kila mgeni. Kabla ya gari jipya kushuka, hakuna aliyelikagua. Hakuna aliyeinama na tochi, hakuna aliyegonga chuma kusikiliza mlio wake. Lwitiko alisimama tu mbele ya gari akauliza swali moja: kushoto anakaa nani? Na aliyekaa kiti kile cha kushoto hakuruhusiwa kuwa fundi mwenzako. Ilikuwa lazima awe mtu wa kwako, anayekupikia au unayempikia, na ni wewe umtaje mbele ya watu.

Gari la Lwitiko mwenyewe lilikuwa na kiti kimoja tu, cha dereva. Kushoto palikuwa na bati tupu. Watu walisema amekitoa ili gari liwe jepesi, nao wakamsifu kwa akili hiyo.

Gwakisa alijifunza mwaka mzima. Walimtania sana. Akishika nati kwa vidole viwili, walimwambia, "Karani, hiyo ni nati, siyo muhuri." Alicheka nao, akarudia. Viganja vikaota sugu. Injini ikaingia, ekseli ikashuka, na mkewe Tupoki akashona kifuniko cha kiti cha kushoto kwa kitambaa chekundu, akatia na nakshi pembeni, maana alijua kiti kile ni chake.

Kilibaki chuma kimoja. Ni ile fimbo iliyo chini, inayoyashika magurudumu mawili ya mbele yaelekee njia moja. Mafundi wanaiita tairodi. Kwa kuwa ekseli ilikuwa imebadilishwa, tairodi ya zamani ilipungua kwa upana wa vidole vinne. Lwitiko alimwambia asubiri. Mhunzi wa bondeni angemfulia nyingine, chuma kimoja kisicho na kiungo, lakini isingekuwa tayari kabla ya Pasaka. Alimweleza kwamba pale gereji unaweza kuchomelea kitu chochote, ila siyo tairodi. Kama haijafika, ashuke mwaka ujao.

Mwaka ujao! Ofisi nzima ilikuwa imeshaalikwa. Hata meneja wa ghala alikuwa amesema atakuja.

Basi Ijumaa Kuu, watu wakiwa kanisani, Gwakisa aliingia gereji peke yake. Aliikata tairodi ya zamani katikati, akaongeza kipande cha vidole vinne, akachomelea. Akasaga kwa grenda hadi pakawa laini. Akapaka rangi nyeusi mara mbili, ikang'aa. Alipomaliza alipapasa, na kidole chake hakikusikia kiungo. Akaifunga mahali pake, akaenda kanisani, akakuta wanaimba wimbo wa mwisho.

Hofu ilianza pale pale kwenye benchi. Haikuja kwa kelele. Jioni alishika kikombe cha chai, akajikuta anaangalia sikio lake, mahali linapokutana na kikombe. Akafungua mlango, akaangalia bawaba. Tupoki alipomtilia chakula, aliuangalia mkono wa sufuria uliounganishwa zamani na mafundi wa sokoni, akaisogeza sahani pembeni. Kila kilichounganishwa duniani kilimtazama. Alijiambia kwamba amechomelea vizuri, na huenda kweli alichomelea vizuri. Ubaya ni kwamba hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe alikuwa hajui.

Jumapili akafikiria kushoto amkalishe nani. Si Tupoki. Akamfikiria mama yake, akamwacha. Akamfikiria shemeji yake Syabumi, mlevi, asiye na kazi, aliyekuwa akila kwao, aliyewahi kumtukana msibani, naye angefurahi mno kualikwa. Aliona huyo anafaa. Aliona hivyo kwa muda mrefu, moyo umetulia kabisa, mpaka alipotambua alichokuwa anafanya. Alikuwa amekaa kivulini nyumbani kwake, siku ya Pasaka, anachagua wa kufa. 

Hata hivyo Jumatatu alikwenda. Ndivyo tulivyo, mtu huona heri aogope shimo kuliko kuchekwa.

Watu walijaa juu ya mlima hadi matawini. Meneja alikuja na kiti chake cha kukunja. Gari likaungurumishwa, likashangiliwa. Lwitiko akasimama mbele, akafuta mikono, akauliza,

"Kushoto anakaa nani?"

Gwakisa alifungua kinywa amtaje Syabumi. Kabla sauti haijatoka, Tupoki alishapanda. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na mapajani ameweka kapu la chakula cha kula wakifika chini. Watu wakapiga vigelegele. Lwitiko alimtazama Gwakisa usoni, akamtazama muda mrefu kuliko desturi, kisha akasogea pembeni.

Wakashuka. Kona ya kwanza Gwakisa aliipita polepole mno, jasho linamwingia machoni. Usukani ulitikisika kidogo mikononi, kama unavyotikisika usukani wa gari lolote, lakini yeye aliusikia kama mlango unaobishwa hodi. Kona ya pili akasikia mlio wa chuma, au alidhani amesikia. Korongo lilikuwa upande wa kushoto. Upande wa Tupoki. Huko chini miti mirefu ilionekana kama mboga za majani. Nyuma yao watu walishaanza kuzomea.

Tupoki akacheka. "Mbona unaendesha kama umebeba mayai, baba Subi? Kaza mwendo. Angekuwa anaendesha mwingine, ningeogopa."

Hakuwa na hofu hata chembe. Alikuwa ameegemea kifuniko chake chekundu, miguu ameikunja kama yuko sebuleni. Na katika hofu zote alizozipata Gwakisa tangu Ijumaa, hakuna iliyomshinda kama kumwona mkewe haogopi.

Kabla ya kona ya tatu akasimamisha gari. Akazima injini. Kimya kikaja, na mazomeo yakasikika vizuri. Lwitiko alishuka kwa miguu, hana haraka, kama mtu anayekwenda mahali anapopajua.

"Nimeichomelea," Gwakisa akasema. Hakusema nini. Hakuulizwa.

Tupoki ndiye hakuelewa, mpaka Lwitiko alipomweleza kwa maneno machache fimbo ile inashika nini na ikikatika inakuwaje. Mama yule aliteremka. Alitazama kona, akatazama korongo. Kisha akakivua kifuniko chekundu kwenye kiti, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kapu, akapanda mlima kurudi nyumbani. 

Jioni, gari liliporudishwa kwa kamba, Lwitiko aliifungua tairodi ile. Gwakisa alimwomba aigonge nyundo, ajue kama ingekatika au la. Lwitiko alikataa. Akampeleka nyuma ya gereji, penye ukuta ambao wageni hawaoneshwi. Kwenye misumari zilining'inia tairodi kumi na nne, zote nyeusi, zote zinang'aa, zote laini ukizipapasa. Gwakisa alizifahamu moja moja zilikuwa za nani, maana Lwitiko alimtajia: huyu anayekutania kuhusu muhuri, huyu mwenye gari la bluu, huyu mzee wa kanisa. Kila mmoja alikuwa amesimama mahali fulani kati ya kilele na kona ya saba.

Ya mwisho, ya kwenye msumari wa chini, ilikuwa vipande viwili.

"Hii ni yangu," Lwitiko alisema. "Kushoto alikaa mdogo wangu."

Akaitundika ya kumi na tano, akarudi kazini.

Nami ninayekusimulia namjua kila mtu aliye na chuma ukutani pale, na sikuambii ya kwangu ni ya ngapi. Nakuuliza wewe tu, uliyetulia hapo unawacheka mafundi: pale ulipochomelea, ukasaga, ukapaka rangi, na hakuna anayejua ila wewe, kushoto umemkalisha nani?