Tunda Lisiloguswa na Mkono

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi na akili zikiwa haba kama zilivyo sasa, palikuwa na mji wa milimani ukiitwa Ukunguni, na mtawala wake akiitwa Sultani Mundhiri. Mungu alimpa Sultani huyo kila kitu isipokuwa kimo. Basi ikawekwa desturi kwamba kichwa cha mtu yeyote kisiwe juu ya kichwa cha Sultani, akiwa amekaa au amesimama. Seremala akamchongea kiti kirefu, na watu wa baraza wakajifunza kutembea wamekunja magoti, hata wengine wakasahau kuyakunjua walipofika nyumbani kwa wake zao.

Katika mji huo alikaa kizee mjane, Bi Mize, fukara asiye na hata kuku wa kumfukuza. Alichokuwa nacho ni kijibustani kando ya chemchemi, alichoachiwa na mumewe, na mume mwenyewe amezikwa pembeni chini ya mforosadi. Hakuwa mume wa kujivunia, lakini alikuwa wake, na Bi Mize hakutaka mtu mwingine amkanyage.

Humo bustanini alipanda matunda mekundu, laini, yatambaayo chini, ambayo miche yake ililetwa na msafiri wa nchi za baridi. Msafiri aliyaita stroberi. Ni tunda lenye deko: likigusa udongo linaoza, likinyeshewa sana linaoza, likikosa maji linanuna. Kwa hiyo Bi Mize alikuwa akilitandikia nyasi kavu chini ya kila shina, na watu wakamcheka wakamwita mwehu, maana yeye mwenyewe alilalia mkeka uliotoboka.

“Wee Mize,” jirani yake Zuwena akimwambia kutoka uani, “hayo matunda huyafuniki na shuka?”

“Shuka ninayo moja, mwenzangu, nawe uliiazima tangu mwaka wa njaa.”

Basi kila mzao, kikapu cha kwanza Bi Mize hukipeleka kwa Sultani kuwa hidaya, kwa kuwa mwenye kitu kizuri asiyempa mkubwa hukipoteza chote. Mwaka mmoja Sultani akatia tunda kinywani, akatafuna, na baraza zima likasikia mchanga ukilia menoni mwake.

“Mchanga!” akasema Sultani, akatema.

“Mchanga, Bwana mtukufu,” akaitikia Waziri Farjala, mtu mrefu mwenye ndevu ndefu za hina, ambaye siku nyingi aliitamani chemchemi ile ajenge kando yake nyumba ya kupungia upepo. “Na asaa uwe mchanga peke yake. Tazama mikono ya kizee hiki. Kucha zake zina shamba zima.”

“Ewe kizee, wanilisha udongo?”

“Bwana wangu, tunda latoka udongoni. Likianza kutoka mbinguni nitakuletea la huko.”

Sultani akakasirika, akapiga mguu, lakini kiti kilikuwa kirefu na mguu haukufika chini. “Mzao ujao,” akasema, “utanilisha tunda lililoiva, lisilogusa udongo, wala lisiloguswa na mkono!”

“Wala chombo,” akadakia Waziri, “asije akalichuma kwa kijiko akatuambia kijiko si mkono. Wala mche using’olewe ukaletwa hapa ndani ya chungu.”

“Wala chombo, wala chungu,” akasema Sultani, ambaye alipenda kurudia. “Ukishindwa, bustani ni ya Waziri, nawe utatoka na mkeka wako.”

 Bi Mize alikuwa hana ndugu wa kumwendea. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, “Mkono wa nani, Bwana?”

“Wa mtu yeyote,” akajibu Waziri.

“Wa mtumwa na wa muungwana?”

“Wote!”

“Hata wa mkubwa?”

“Hata wa mkubwa wa wakubwa! Umeziba masikio?”

“Hayakuziba. Ila nataka kusikia kwa mwenye kiti. Wewe bado hujakipanda.”

“Hata wa mkubwa wa wakubwa,” akasema Sultani. “Naapa kwa kilemba cha marehemu baba yangu.” Na kadhi akainamisha kichwa kuwa amesikia na ameshuhudia.

Bi Mize akarudi kwake. Zuwena alikuwa amekwisha kupata habari.

“Pole, mwenzangu. Nikusaidie kukunja mkeka?”

“Nisaidie kubeba samadi.”

“Samadi ya nini tena?”

“Ya mbuzi.”

Ikawa Bi Mize anachimba. Akainua tuta moja refu, akalipanda miche michanga iliyochipua kwenye kamba nyekundu ambazo miche mama huzitambaza chini. Maua ya kwanza akayakata, ili mche ushibe kabla haujaanza kuzaa. Akatandika nyasi kavu nene, akazungushia miiba kwa ajili ya ndege. Mitaro miwili ya kando akaijaza samadi, akaimwagia maji kila jioni ikalainika, maana ndivyo kilimo kinavyotaka, na Bi Mize hakufanya neno lisilo la kilimo. Asubuhi akawa anaokota konokono, kila mmoja akimtukana kwa jina la mtu wa baraza. Hofu ilipomzidi alikwenda kusimama penye mforosadi, lakini hakuomba shauri. Mumewe hakuwa nalo hata alipokuwa hai.

Matunda yakaiva. Bi Mize akaenda barazani mikono mitupu.

“Tunda li wapi?” akauliza Sultani.

“Limeiva, Bwana wangu, liko tayari. Kinywa ndicho hakijafika.”

 Waziri Farjala akapiga kelele, “Bwana, huyu akutaka uende kwenye samadi zake!”

“Wewe ndiwe uliyezuia chungu,” akasema Bi Mize. “Mimi ningelileta.”

Kadhi akakohoa. “Kwa hukumu ilivyo, Bwana mtukufu, tunda halina njia ya kuja hapa bila kuvunja sharti. Basi likiwa liko, na mlaji hakwenda, aliyeshindwa atakuwa...” Akaishia hapo, kwa kuwa alikuwa na watoto wa kulea.

Sultani akabebwa hadi bustanini, na baraza zima nyuma yake, magoti yamekunjwa. Akaona tuta, na juu ya nyasi safi tunda jekundu linang’aa kama limepakwa mafuta. Mate yakamjaa. Akanyosha mkono.

“Kilemba cha baba yako, Bwana!” akalia Bi Mize.

Mkono ukasimama hewani.

“Nitalilaje basi?”

“Mbuzi wa Zuwena hula bila mikono, Bwana wangu, na hakuna aliyemfundisha.”

Sultani akatazama huku na huku. Akaweka mikono mgongoni, akapiga magoti, akainama, akainama tena, hata ndevu zake zikagusa nyasi. Hapo ndipo watu wa baraza walipotazamana. Kichwa cha Sultani kilikuwa chini ya mapaja yao, na desturi ni desturi, aliiweka mwenyewe. Wakapiga magoti, haikutosha. Wakataka kulala, lakini pale juu ya tuta palikuwa na miche. Hapakubaki mahali pa chini zaidi ya mitaro.

Kadhi akatangulia, akasema bismillahi. Wengine wakafuata. Waziri Farjala akawa wa mwisho, amesimama kama mlingoti, akipima huku na huku.

“Hapa, Bwana Waziri,” akasema Bi Mize, ambaye yeye alikwisha kujilaza kwenye shimo lake dogo alilolitandika nyasi tangu jana. “Hapa pana nafasi ya mtu mrefu.” Naye akajilaza mtaroni kifudifudi.

Sultani akaling’ata tunda likiwa shinani. Akatafuna. Hakuna kilicholia menoni. Maji mekundu yakamtiririka kidevuni, akafumba macho.

“Kwa nini hili ni tamu kuliko yote uliyoniletea?”

“Halikusafiri, Bwana. La kikapuni hufika kwako limekwisha kukasirika.”

Sultani alikuwa amekwisha kuliona la pili. Basi akaenda kwa magoti kutoka shina hadi shina, mikono mgongoni, na baraza likamfuata kwa matumbo mtaroni, hatua kwa hatua, hata wakafika katikati ya tuta. Pale ikasikika sauti nzito ya Waziri kutoka chini.

“Bwana mtukufu, mpe kizee bustani yake! Mpe na shamba langu linalopakana nayo, ila tuinuke!”

Sultani akageuza shingo. Akaona vilemba vyote vya mji wake vimelala chini yake, naye hana kiti. Akaanza kucheka, akacheka hata akaanguka ubavu, na walipomwona ameanguka wakazidi kujididimiza.

“Farjala,” akasema akijipangusa machozi, “bustani hii uliitamani sana. Bado waitaka?”

Waziri akatema kwanza.

“Asisumbuke, Bwana wangu,” akasema Bi Mize. “Fungu lake amekwisha kulipata. Liko ndevuni.”

Basi Sultani akaamuru bustani iwe ya Bi Mize na yeyote atakayemrithisha, na shamba la Waziri liwe nyongeza, kwa kuwa mwenyewe amelitoa mbele ya kadhi. Waziri akaenda kuoga chemchemini, na hayo ndiyo matumizi pekee aliyoyapata kwa maji yale. Tangu hapo, kila stroberi zilipoiva, Sultani alikwenda mwenyewe, na kila zilipoiva nusu ya baraza ilishikwa na homa. Zuwena naye akairudisha shuka.

Hekaya yangu imeiva na nimeichuma. Aliyeona mchanga ndani yake, na ateme.