Kidari Huoana na Pombe Gani?

Hapo kale, zamani za zamani, wanangu, wanyama walipokuwa wakiwasha majiko na kukaribisha wageni kama sisi, palikuwa na mgahawa mmoja karibu na kijito. Mwenyewe alikuwa Bi Nguchiro, mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu, na ulimi wake mwepesi kuliko miguu.

Mgahawani mwake palikuwa na pombe, aliyoipika kwa mikono yake: ya mtama, ya ndizi na ya asali. Na palikuwa na nyama. Lakini si nyama ya kutupa juu ya makaa, chwaaa, ukala. La! Alfajiri aliingiza kidari cha ng'ombe ndani ya tanuri la udongo, akakifukiza kwa moshi wa kuni za mkwaju, polepole, polepole, mpaka alasiri. Ukikigusa kwa kidole, pwa! Kinaachana chenyewe.

Taabu ilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi Simba, mkubwa wa nchi ile, alikuja na rafiki zake Chui na Fisi. Hawakusubiri nyama iive. Waling'oa mlango wa tanuri, wakala na damu yake, nyafu nyafu nyafu, mpaka mfupa wa mwisho. Wanyama wadogo walirudi makwao na harufu tu puani.

Basi wiki moja Kicheche, Buku na Nungunungu walichimba kisima cha kijiji. Siku sita walichimba, mpaka viganja vikaota malengelenge. Bi Nguchiro akawaambia, "Jumamosi hii kidari ni chenu."

"Na Simba je?" akauliza Buku, masharubu yakimtetemeka.

"Simba niachieni mimi."

Alisema hivyo kwa sauti kubwa, lakini moyoni hakujua atafanya nini.

Jumamosi ikafika. Wachimbaji wakakaa uani, nyuma ya jiko. Tanuri likafuka moshi mtamu. Na hapo, du! du! du! Ardhi ikatikisika.

"Wewe Nguchiro!" Simba akanguruma. "Fungua tanuri!"

Bi Nguchiro akamtazama Simba, akamtazama Chui, kisha macho yake yakatua kwa Fisi. Fisi huyu alikuwa amevaa skafu shingoni jua likiwaka, kwa sababu aliwahi kukaa mjini siku nne, na tangu arudi hakunyamaza. Mjini hivi, mjini vile. Bi Nguchiro akatabasamu.

"Karibuni, waheshimiwa! Lakini jamani, mtakula hivi hivi tu, kama washamba?"

Simba akasimama ghafla. "Nani mshamba?"

"Ni sisi wa huku, Mheshimiwa, tusiojua kuoanisha nyama na pombe. Mzee Fisi, wewe mtu wa mjini, waeleze. Si kweli kwamba waungwana wa kule hawali nyama kabla ya kujua inaoana na pombe gani?"

Fisi hakuwahi kusikia jambo hilo maishani mwake. Akaona wote wanamtazama.

"Aaa... ndiyo! Kuoanisha! Mjini tunaoanisha kutwa."

"Na kipande cha kuonjea kinakuwa kama ukucha, au sivyo?"

"Kama ukucha," akasema Fisi. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa akimsikiliza, utamu ukamzidi, akaongeza, "Tena ukucha wa nguchiro."

Basi wakakalishwa barazani, mbele ya vibuyu vitatu na vipande vitatu ambavyo nzi mmoja angeweza kuvibeba.

"Fumbeni macho, mnuse," akasema Bi Nguchiro. "Mnahisi nini?"

Simba akavuta pumzi, fuuuu. "Nahisi... moshi."

"Moshi tu, Mheshimiwa?"

Simba akaona aibu. "Moshi wa... wa mkwaju uliootea upande wa mashariki."

"Lo! Pua ya kifalme!"

Chui hakukubali kupitwa. "Mimi nahisi mvua. Mvua ya vuli."

"Nami," akasema Fisi, tumbo likimnguruma, "nahisi huzuni kidogo, kwa mbali."

Wakaanza kuonja. Wakaanza kubishana.

"Kidari huoana na pombe ya mtama!" akasema Simba.

"Ya asali," akasema Chui.

"Asali juu ya moshi? Wewe Chui umelelewa wapi?"

"Ya ndizi! Mjini ni ya ndizi!" akapiga kelele Fisi.

Vibuyu vikajazwa, vikakauka, vikajazwa tena. Na Bi Nguchiro, sinia mkononi, akawa anatoka jikoni kwenda uani, pita, rudi, pita, rudi.

Mara masikio ya Simba yakasimama. Nyam nyam nyam. Kwaru kwaru. Hahaha!

"Nani anatafuna huko nyuma?"

Uani Buku akaganda, pande la nyama mdomoni. Bi Nguchiro alikuwa amesimama mlangoni na sinia linalong'aa mafuta. Angedanganya nini?

"Ni wachimba kisima, Mheshimiwa," akasema. "Wanakula kidari. Mapande haya! Hawanusi, hawafumbi macho, mafuta yanawatiririka hadi viwikoni. Nimewaficha nyuma wasiwatie aibu. Ila ukipenda, nitakuwekea kigoda hapo katikati ya Buku na Nungunungu."

Pua ya Simba ikacheza. Mguu wake mmoja ukainuka. Kisha akaona Chui anamtazama, na Fisi anawatazama wote wawili. Mguu ukashuka.

"Mimi? Nile na washamba?"

"Mungu apishie mbali," akasema Chui, machozi yakimlengalenga.

"Lakini," akasema Simba kwa sauti ndogo, "huenda nikaongezewa ukucha mmoja. Fisi, yaruhusiwa?"

Fisi alikuwa na njaa kuliko wote. Lakini akafumba macho kama mjuzi.

"Ukucha wa pili, Mheshimiwa, ndio ushamba wenyewe."

Jua lilipoinama wakaondoka, wakipepesuka. Njiani Simba akauliza, "Chui, umeshiba?"

"Mpaka natembea kwa shida. Na wewe, Mheshimiwa?"

"Tele," akasema Simba, na tumbo lake likalia ngrrruuu mpaka ndege wakaruka mtini.

Fisi yeye alibaki nyuma kidogo, akitafuna skafu yake.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: anayeona haya kusema "sijui" atashinda na njaa mbele ya chungu kilichojaa.