Kilatini cha Mzee Kasiani

Hapo zamani, na msininunie, maana zamani yangu si ile ya sungura na fisi. Ni zamani ya juzi tu, watu wana simu mifukoni na bado hawasikilizani. Huko milimani Umatengo, mahali paitwapo Lihutu, palikuwa na mzee jina lake Kasiani Ndunguru. Mzee huyu alifundisha Kilatini katika seminari ndogo kwa miaka thelathini, na alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Wanafunzi wakimsikia anakohoa mlangoni, waliokaa walisimama, na waliosimama walianza kusali.

Mzee Kasiani alikuwa na mtoto mmoja tu, Daudi. Kabla Daudi hajaota jino, baba yake alikwisha kumwahidi Mungu kwamba huyu atakuwa padri. Daudi akapelekwa seminari, akasoma Kilatini mpaka akakiota usingizini. Mwaka wa mwisho akavua kanzu, akarudi nyumbani, akasema, "Baba, nimepata mchumba. Anaitwa Gaudensia, ni mwalimu wa shule ya msingi."

Mzee akamjibu, "Mimi sina mtoto." Akageukia ukuta.

Akakaa hivyo miaka kumi na minne. Harusini hakwenda. Akazaliwa mjukuu wa kiume, Ansgar, hakumbeba. Akazaliwa mjukuu wa kike, Kunigunda, hakumbeba. Na mkwewe Gaudensia hakumtaja kwa jina hata siku moja. Akilazimika kumtaja alisema "yule."

Siku moja mzee alikuwa akipogoa mibuni yake, kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ukafa. Alipozinduka, watu wakashangaa: Kimatengo kilikuwa kimemtoka, Kiswahili kimemtoka, kinywani kimebaki Kilatini peke yake. Mganga wa zahanati akasema mambo hayo hutokea, ila kwa nadra, na kwamba kilichopotea huenda kisirudi tena.

Gaudensia akampigia simu mumewe, aliyekuwa akifanya kazi mbali, kwenye machimbo ya makaa ya mawe. "Baba Ansgar, njoo. Mzee anasema Kilatini na huko kwake hakuna anayemwelewa, hata padri. Wewe unakijua."

Daudi akasema, "Kilatini ndicho alichonifukuzia. Basi aombe maji kwa Kilatini." Akakata simu.

Basi yule, yule asiyetajwa jina, akaacha kazi yake ya ualimu, akawachukua watoto wake wawili, akapanda Lihutu kumuuguza mkwewe. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto, na daraja lake la magogo halikuvukika wakati wa mvua, kwa hiyo akawafundishia watoto nyumbani. Mlango wa ghala la kahawa ukawa ubao. Asubuhi hesabu, kisha Kiswahili, kisha sayansi. Na kwa kuwa mzee alishinda akilia maneno wasiyoyajua, akaongeza somo moja: Kilatini.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kilatini kifundishwe vipi? Kwa kitabu gani? Mwalimu Gaudensia mwenyewe hakujua hata neno moja nje ya misa, na mzee alikuwa akipungua kila wiki. Akikosea kuchagua njia, mzee angekufa na neno lake kifuani.

Akamwendea Mwalimu Fridolin Hyera, mstaafu, aliyewahi kuchapwa na Mzee Kasiani mwenyewe darasani na akalisifia jambo hilo maisha yake yote. Fridolin akaja na daftari jeusi, alimonakili kwa mkono masomo yote ya mzee; Kilatini alikijua kwa kukisoma na kukiandika tu, kikisemwa kwa mdomo uliopinda hakukishika. Akasema, "Mama, lugha ni mifupa kwanza. Majedwali! Mtoto asiyejua majedwali ni kasuku tu."

Miezi mitatu, majedwali ya maneno na minyambuliko yake. Kunigunda, miaka kumi, alilia kila siku. Ansgar, miaka kumi na mitatu, aliyashika yote, mbele kwa nyuma. Siku moja akaingia chumbani kwa babu yake. Mzee akasema maneno kadhaa. Ansgar akalitambua neno moja, akaanza kulitafutia jibu kichwani, safu ya kwanza, safu ya pili, safu ya tatu. Kabla hajafika, mzee akageukia ukuta.

Gaudensia akasema, "Tunabadilisha."

"Mama," Fridolin akasema, "mkulima anayeng'oa mche kila siku autazame mzizi, hunywa kahawa ya jirani."

Gaudensia akamwendea Sista Osmunda, mtawa mzee wa parokiani, aliyefundisha kwaya tangu enzi za vinanda vya kukanyaga kwa miguu. Sista akasema, "Mwanangu, lugha haiingii kwa mlango wa kichwa. Huingia kwa sikio. Waache waimbe."

Miezi mitatu, nyimbo. Ansgar sauti yake ilikuwa inavunjika, akanyamaza. Kunigunda akaimba. Wakati huo mzee alikuwa na siku ya nne amekataa uji, amebana meno. Kunigunda akasimama miguuni pa kitanda akaimba wimbo wa zamani wa Bikira Maria. Mzee akafumbua macho. Machozi yakamtoka, mdomo uliopinda ukaanza kuimba naye, na wimbo ulipokwisha akala uji bakuli zima. Gaudensia akatoka nje akalilia kwenye mibuni.

Lakini baada ya uji mzee alisema neno, na Kunigunda akamjibu kwa wimbo mwingine, maana alichokuwa nacho ni nyimbo. Mzee akasema tena. Kunigunda akaimba tena. Mzee akamtazama kwa huzuni, akageukia ukuta.

Gaudensia akasema, "Tunabadilisha."

Sista Osmunda akashika kiuno. "Mtoto amemtoa mtu kaburini, nawe unabadilisha?"

"Amemtoa, Sista. Lakini hatujui anataka nini."

Mwalimu wa tatu hakuwepo. Gaudensia akakaa mlangoni pa ghala akawaza: wanangu walijifunzaje kusema? Sikuwapa jedwali. Sikuwapa kwaya. Waliomba uji, wakapewa uji. Akaandika orodha ya vitu arobaini: maji, uji, blanketi, baridi, maumivu, dirisha. Akampelekea Fridolin ampe Kilatini chake, naye akampa huku akinung'unika. Gaudensia akabandika karatasi kwenye kila kitu chumbani, akaweka sheria: humu ndani hatusemi ila kwa maneno ya ukutani.

Na kila asubuhi aliingia yeye wa kwanza. Alipiga magoti kando ya kitanda akauliza, "Quid vis, pater?" Yaani, baba, unataka nini? Matamshi yake yalikuwa mabaya, nisimtetee. Fridolin aliyasikia siku moja akaondoka na kofia mkononi kama mtu aliyetoka msibani.

Siku ya kwanza akauliza, mzee akageukia ukuta. Akamwosha, akamgeuza asipate vidonda, akatoka. Siku ya pili akauliza, mzee akageukia ukuta. Akamwosha, akamgeuza, akatoka. Siku ya kumi. Siku ya ishirini. Siku ya thelathini. Mimi hapo ningekwisha kuchoka, nawaambieni kweli. Miaka kumi na minne unaitwa yule, halafu unampigia magoti mtu mgongoni! Gaudensia hakuchoka, au alichoka na hakusema.

Siku ya arobaini na moja akauliza, "Quid vis, pater?" Mzee hakugeukia ukuta. Alimtazama. Kisha akamsahihisha matamshi.

Msicheke. Mwalimu wa miaka thelathini, hata akiwa nusu maiti, hawezi kuvumilia neno lililopinda. Gaudensia akarudia. Mzee akamsahihisha tena. Akarudia mara ya tatu, na mara hii likanyooka. Mzee akatikisa kichwa, akakubali. Na kwa kuwa swali sasa lilikuwa limeulizwa sawasawa, akalijibu.

Jibu lilikuwa refu, na halikuwa na maji wala uji wala blanketi. Gaudensia hakuelewa ila neno moja: Daudi. Alishtuka akawaita watoto, "Njooni! Baba, sema tena, tafadhali sema tena!" Mzee akaielewa mikono yake iliyoomba; kwa taabu akasema tena mara moja tu, akafumba macho amechoka.

Ansgar akasema, "Mama, imepita haraka, sikuishika."

Kunigunda akasema, "Mimi ninayo." Akaitoa yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sauti kwa sauti, kama wimbo aliofundishwa, na maana yake haijui hata kidogo. Ansgar akaandika. Akalifungua daftari jeusi, akakaa na maneno yale tangu asubuhi mpaka ugali wa mchana ukapoa. Kisha akamsomea mama yake:

"Mwiteni Daudi. Nimemkosea. Nataka kumwomba msamaha kwa kinywa changu kabla sijafa."

Wakapiga simu machimboni. Ansgar hakumtafsiria baba yake. Alimsomea Kilatini chenyewe. Daudi aliujua usemi wa baba yake, na usemi ule hakuna mtoto ambaye angeweza kuutunga. Siku ya pili jioni alikuwa Lihutu na matope mpaka magotini.

Waliyoambiana baba na mwana, Daudi hakuyatafsiri yote. Mimi pia sikuambiwa. Ila wote waliokuwa chumbani waliona uso wa Daudi ukilowa, na waliona mzee akilia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Walikuwepo Gaudensia, Ansgar na Kunigunda. Walikuwepo Mwalimu Fridolin na Sista Osmunda, walioitwa kwa sababu ilionekana wazi kwamba mzee hafiki kesho.

Kisha mzee akasema polepole, na Daudi akatafsiri kwa sauti:

"Anasema: nilikuwa nimezikwa hai, na kuna aliyenifukua. Macho yangu yamezimika tangu jana. Mkono umenibaki mmoja, na nguvu ya kuuinua imebaki ya mara moja. Leteni chini yake kichwa cha yule aliyenirudisha kwa watu, nikiachie baraka yangu."

Sasa eleweni desturi ya ukoo ule. Baraka ya mzee anayekufa haigawanywi. Huwekwa juu ya kichwa kimoja. Na mwenye kuwekewa mkono ndiye mtu wa nyumba ile, awe nani, atoke wapi, na hakuna mjomba wala shangazi atakayemwambia ondoka mpaka siku yake ya kufa.

Daudi akamwuliza baba yake kwa Kilatini, "Nani?" Mzee akajibu, "Ninyi mnajua." Akafumba macho.

Mwalimu Fridolin akasema wa kwanza. "Ni Ansgar. Bila majedwali maneno yale yangebaki kelele. Kasuku huimba na mama huuliza, lakini ni Ansgar aliyeelewa. Na niseme lililo moyoni: mama huyu alitangatanga. Amebadilisha njia mara mbili, miezi imepotea. Angekaa na daftari langu, mzee angesikilizwa macho yake yakiwa bado yanaona uso wa mwanawe."

Gaudensia akainamisha kichwa, kwa sababu jambo hilo alikuwa amejiambia mwenyewe mara nyingi.

Sista Osmunda akasema, "Ni Kunigunda. Siku ya nne bila uji, Fridolin, daftari lako lilikuwa wapi? Mtu aliyekufa njaa hatafsiriwi. Huyu mtoto alimrudishia hamu ya kuishi, na ni sikio lake lililolidaka neno likipita. Wewe mwanafunzi wako alikiri mwenyewe kwamba hakulishika."

Ansgar akataka kusema kitu, lakini mama yake aliinua mkono. Gaudensia akasema:

"Miaka kumi na minne sijaomba kitu katika nyumba hii. Leo naomba. Ni kweli nilibadilisha njia, kwa sababu sikuwa nikitafuta Kilatini, nilikuwa namtafuta mtu. Watoto walikijua Kilatini na mzee aliwageuzia mgongo. Mimi sikukijua, na alinijibu. Nilimwuliza siku arobaini na moja. Hakuna mwingine aliyemwuliza. Na ninyi wote mnajua kwamba baada ya mazishi, ndugu zake watauliza yule bado anafanya nini hapa."

Ndipo Daudi akasema, naye hakumtazama mtu machoni.

"Na mimi je? Nyote mlileta neno mpaka mlangoni pangu. Ningelikataa, lingebaki karatasini, na baba angekufa amezikwa vilevile. Anayemrudisha mtu kwa watu ni yule aliyekosewa akasamehe. Mkono ule haujagusa kichwa changu tangu nikiwa kijana." Akafuta uso. "Na ningeweza kuwadanganya. Hapa ni mimi peke yangu ninayemsikia moja kwa moja. Ningesema kwamba amenitaja mimi. Sikusema."

Wakati wanasema hayo, shuka likatikisika. Mzee Kasiani hakuwa akisikia Kiswahili chao, kilikuwa kimemtoka. Alidhani wamekwisha kukubaliana. Akauinua mkono wake wa kushoto, mwembamba, ukapanda taratibu mpaka ukasimama hewani juu ya kitanda, na chini yake hapakuwa na kichwa cha mtu.

Nyie mliokaa hapa mnanitazama, hebu semeni. Yupo mtoto aliyeelewa. Yupo mtoto aliyeimba na kudaka. Yupo mke aliyeuliza, na mwana aliyesamehe. Msinijibu kesho, mkono umeanza kushuka. Je, nani alistahili kuinamisha kichwa?