Batiki ya Zizi la Mzee Gidabuday

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Mwenye akili hautupi mkeka wake mkuukuu kwa kuwa ameuona mzuri ukipita mikononi mwa mwingine, kwani ukishapita, yeye atalalia nini? Letisia, binti wa Mzee Gidabuday wa Balangdalalu, aliikariri methali ya mikeka hiyo miwili tangu darasa la sita. Kuielewa kulimchukua miaka mingi zaidi.

Mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mchanga, Letisia alikuwa na kibanda cha batiki pale Katesh. Soko huria lilikuwa limefungua milango, na vitambaa vya nje vilimwagika mnadani kama mvua ya masika. Letisia alivitazama, akavitamani. Akaacha kubuni vyake, akaanza kunakili tausi wa vitenge vya wageni.

Kwaya ya parokia ilipotafuta sare za kwendea tamasha la Babati, aliwapelekea tausi wake akiwa na matumaini tele. Mwenyekiti wa kwaya, Mama Fransiska, alikikunjua kitambaa, akakikunja tena taratibu.

"Mwanangu, tausi hawa wamejaa mnadani kuliko kuku. Nakupa wiki mbili ulete kingine. Ukishindwa, tutanunua vya dukani."

Letisia alielewa. Kwaya ikienda dukani, Katesh nzima ingefuata, na kibanda chake kingefungwa. Wiki nzima alichora na kufuta, kichwa kitupu kama debe. Siku ya nane akaenda kwa baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sogea nikuone. Umekonda. Na huyo kwenye batiki uliyojifunga ni ndege gani?"

"Tausi."

"Umemwona wapi?"

"Sijawahi kumwona, baba. Nilimkuta kwenye kitambaa cha watu."

"Sasa ulijuaje kama umempatia?" Mzee alicheka mpaka fimbo ikamponyoka.

Jioni ng'ombe walirudi. Mzee Gidabuday hakuwahi kuwahesabu. Kwake kuhesabu mifugo ni kuiitia mkosi. Alizoea kusimama mlangoni mwa zizi akiwatambua kwa rangi, na aliyekosekana alimjua papo hapo. Lakini sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Simama hapa uwe macho yangu," alisema. "Niambie anayeingia."

"Mweupe mwenye madoa."

"Madoa gani? Hata kanga wa porini ana madoa. Sema kama mtoto wa mfugaji."

Letisia akakaza macho. "Mweupe. Madoa mekundu, madogo, yamejaa shingoni na kupungua mgongoni, kama mtama uliomwagika."

"Huyo namjua. Endelea."

"Mweusi, mstari mweupe tumboni, kama maziwa yaliyochuruzika ubavuni mwa kibuyu. Mwekundu mwenye mabaka, kingo zake kama za ziwa linalokauka."

Kisha akaacha kuwataja, akainama kuchora mabaka yale mchangani kwa kidole.

"Kuna aliyepotea?" mzee aliuliza kwa wasiwasi.

"Hapana, baba. Naomba waingie tena."

"Wote?"

"Wote."

Mzee alinung'unika kwamba mjini wanaharibu watoto wa watu, lakini akayavuta mwenyewe matawi ya miiba kuufungua mlango, na ng'ombe wakatolewa nje kwa mara ya pili.

Letisia alirudi Katesh akayeyusha nta. Alitandaza manjano ya alizeti, akamwaga juu yake mtama mwekundu, mistari ya maziwa na mabaka ya ziwa, kisha akazungushia pindo la buluu kama shanga. Mama Fransiska alikitazama kitambaa kile kwa muda mrefu. "Hiki sijakiona mnadani," alisema, na hakukikunja.

Kule Babati, kwaya ilipoingia uwanjani, wafugaji waliosimama nyuma kabisa waliacha mazungumzo yao. Mmoja alimnyooshea kidole mwimbaji wa sauti ya tatu. "Mtazame yule," alimwambia mwenzake. "Amevaa dume la shemeji yangu." Kabla jua halijatua, viongozi wa kwaya nyingine tatu walikuwa wamemzunguka Letisia, wakigombea nani atangulie kutengenezewa vitambaa. Wala hakuna aliyemwuliza habari za tausi.

Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.