Kifaru Alipopiga Marufuku Kicheko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kupika kama sisi, Kifaru ndiye aliyekuwa mtemi wa nyika. Mwaka mmoja mvua iligoma kabisa. Bwawa likabaki na maji kidogo, kila mtu akapimiwa kata moja tu kwa siku. Kijiji kizima kikaanza kuchimba kisima.

Siku ya tatu Ngiri aliteleza, pwaa! akaanguka vumbini kwa makalio. Wote wakaangua kicheko.

"Kimyaaa!" Kifaru akafoka. "Kucheka kunamaliza nguvu! Kuanzia leo, atakayecheka hanywi maji siku hiyo. Hata awe nani!"

Basi vicheko vikakoma. Yakabaki majembe tu: ti! ti! ti! Swala akagombana na shoga yake Pundamilia hadi wakaacha kusalimiana. Ngiri, hodari wa kuchimba, akawa anainua jembe kama mgonjwa. Wiki mbili zikapita, maji hayaonekani.

Mdogo kuliko wote pale kisimani alikuwa Bi Nguchiro. Jioni moja alimtengea mumewe chakula, mume akala kimya, macho chini.

"Baba Chane, siku hizi hata kunitania hunitanii."

"Nikikutania utacheka. Ukicheka utakosa maji."

Bi Nguchiro akaweka mwiko chini. "Kesho naenda kwa Mtemi."

"Weee! Atakukanyaga!"

"Na anikanyage. Nyumba yangu haitakaa kama ina msiba na hakuna aliyekufa."

Asubuhi akaokota unyoya wa kanga, huyooo, mpaka kwa Kifaru.

"Hodi, Mtemi!"

"Karibu. Mbona umeacha kazi?"

"Nimekuja kuisaidia sheria yako. Watu wamefunga midomo, lakini kicheko wamekificha mwilini. Tuwakague hadharani kwa unyoya huu. Asiyecheka, huyo ni msafi."

"Ahaa! Vizuri sana! Aanze Ngiri."

"Ngiri?" Bi Nguchiro akashusha sauti. "Watasema Mtemi anaogopa."

"Naogopa mimi? Mimi sijacheka tangu nizaliwe! Naanza mimi!"

Watu wakakusanyika kisimani. Kifaru akasimama katikati, kifua mbele. Bi Nguchiro akampanda mgongoni, akapitisha unyoya nyuma ya sikio. Kifaru kimya. Akateremka, akamtekenya kwapani. Kifaru akauma meno, machozi yakamlenga. Bi Nguchiro hakukata tamaa. Akajipenyeza chini ya tumbo, palepale penye ngozi laini, akatekenya: tiki-tiki-tiki!

"Kwi!"

Watu wakatazamana.

"Kwi! Kwi-kwi-kwi-kwi!"

Looo! Mwili wote ule, na kicheko chenyewe chembamba kama cha kifaranga! Kifaru akaanguka chali, puu! miguu juu, kwi-kwi-kwi! Ngiri akacheka mpaka akashika mbavu. Swala na Pundamilia wakaegemeana, wanafuta machozi.

Kifaru alipoinuka, wote wakanyamaza kwa hofu. Bi Nguchiro akasimama mbele yake, mdogo kama kiatu.

"Mtemi, ulisema hata awe nani. Basi leo wewe hunywi. Na sisi hatunywi, maana tumecheka wote. Kisima atachimba nani?"

Kifaru akamkazia macho. "Umenichezea, Nguchiro."

"Ndiyo, Mtemi. Nimekuchezea."

Kifaru akavuta pumzi ndefu. Ajabu, kifua kilikuwa chepesi kuliko siku zote za mwaka ule.

"Sheria imefutwa," akasema. "Leteni maji, wote wanywe. Na mimi nipeni jembe."

Siku hiyo walichimba huku wakitaniana, na aliyechelewa kupokea jembe alizomewa mpaka akakimbilia kulishika. Siku ya nne baada ya hapo, chini kukalia bwii! Maji yakaruka yakamlowesha Ngiri, na aliyecheka wa kwanza alikuwa Kifaru.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: kicheko hakimalizi nguvu za mtu, ndicho kinachomrudishia.