Sange na Vibuyu Viwili vya Usingizi

Mpo macho?

— Macho kama bundi!

Hadithi iingie?

— Iingie, ikae, itunogee!

"Amevuja damu kiasi gani?" Sange aliuliza.

Sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, ndiye aliyewalaza wagonjwa usingizi katika zahanati ya msituni, na maswali yake yalipungwa kwa mkono kama mbu. Paa alikuwa chini, waya wa mtego umemkata shingo, koo linavimba. Khiii... khiii... Bila kulazwa upesi na kupitishwa mrija wa tete kooni, asingeliona jua likitua.

Mganga Mkuu, Kiboko, akapiga miayo. "Mpe ya kibuyu kikubwa!"

"Dawa hiyo huangusha moyo, Mheshimiwa. Amevuja damu."

"Mpe ya kibuyu kikubwa!"

"Ya kibuyu kidogo itamlaza, na moyo uendelee kudunda."

"We pua ndefu, mganga hapa nani? Mpe ya kibuyu kikubwa!"

Sange akainamisha kichwa. "Sawa, Mheshimiwa. Ila usiionje. Nyeupe hivi, tamu hivi! Nimeambiwa niwafiche wakubwa wasije wakaimaliza."

"Umfiche nani?" Gubu-gubu-gubu! Kiboko akakipindua kibuyu kizima. Puu! Khorrr...

Sange akamgeuza ubavu kwa gogo, asipaliwe. Kisha akamrudia Paa.

"Usiniache," Paa akanong'ona.

"Niko hapa, ndugu yangu."

Akampa ya kibuyu kidogo, tena kidogo tu. Macho yakatulia. Mrija ukapita. Sange akabana jeraha kwa mguu, akaminya kiriba cha hewa: fyuu... fyuu... Mchana kutwa alimsimulia Paa habari ambazo Paa hakuzisikia. Hakuwa na mwingine wa kumsimulia.

Uvimbe uliposhuka, Sange akautoa mrija, Paa akaamka. Kiboko naye akaamka, akajinyoosha.

"Ahsante, Mganga Mkuu!" Paa akalia.

"Usijali," akasema Kiboko. "Kazi ilinichosha kweli kweli."

Vigelegele! Wanyama waliokuwa wakingoja nje wakaondoka na Kiboko wakiimba. Paa akampita Sange bila kugeuka, kwani usingizi ulikuwa umelifuta lile "niko hapa." Sange akakiosha kiriba, akakianika.

Hadithi yangu imeamka, imekunja mkeka wake. Funzo? Waheshimuni wakubwa, watoto wazuri: hutibu hata wakikoroma.

Nawe, siku utakapoamka salama na mshono wako, naomba uulize ni nani aliyekulaza.